ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO: Funzo kutoka kisiwa cha Utsira

Magharibi ya mji wa Haugesund, katika pwani ya Norwe, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Utsira. Feri huchukua zaidi ya saa moja kukifikia, ikivuka bahari iliyo wazi kwa pepo zote. Kisiwa chenyewe ni mwamba na majani, na eneo lake ni kilomita za mraba 6 hivi. Kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1844, bandari ya kaskazini na bandari ya kusini, shule, kanisa la kale la mbao, na wakazi wapatao 200. Yako makanisa ya mitaa katika nchi yetu ambayo ibada moja ya Jumapili hukusanya watu zaidi ya hao.

Hata hivyo, watu hao 200 wana halmashauri yao wenyewe. Wana baraza wanalolichagua kila baada ya miaka minne, kiongozi wa baraza hilo, bajeti, na mamlaka yaliyoandikwa katika sheria. Katika halmashauri zote 357 za Norwe hakuna iliyo na watu wachache kuliko Utsira. Wala halmashauri hii si pambo. Sheria inaipa wajibu ule ule iliyoupa miji mikubwa: shule ya msingi, malezi ya watoto wadogo, daktari, utunzaji wa wazee na wagonjwa, maji safi na maji taka, barabara za mtaani, zimamoto, na mipango ya matumizi ya ardhi. Mji mkuu wa Oslo, wenye watu zaidi ya 700,000, una majukumu ya ziada kwa kuwa ni mkoa pia. Lakini katika yale yaliyo ya halmashauri, Oslo na Utsira husimama sawasawa mbele ya sheria.

Tunaandika juu ya kisiwa hiki kwa sababu. Tulipopigania vyama vingi, wengi wetu tuliamini kwamba kikiondoka kifungu cha 2A cha Katiba, mengine yote yangefuata yenyewe. Kifungu kile kilifutwa Desemba 1991. Vyama vikaandikishwa, masanduku ya kura yakaletwa. Lakini kwa miaka mingi baadaye mwananchi aliendelea kukuta kwamba habari ya kisima chake, zahanati yake na barabara yake imekwisha kuamuliwa na mtu asiyemjua, katika ofisi asiyoweza kuifikia. Swali la tahariri hii basi ni moja tu: uchaguzi mkuu ukiisha, uhuru wa mwananchi hukaa wapi? Utsira ina jibu lake, na jibu hilo linastahili kupimwa.

HAKI HAIKUSHUKA KAMA MVUA

Mtu aweza kudhani kwamba Wanorwe walizaliwa na utaratibu huu. Sivyo. Katiba yao iliandikwa Eidsvoll, tarehe 17 Mei 1814, nayo ilikuwa katiba njema kwa siku zake, kwa maana iliwapa Bunge. Lakini mashambani na visiwani mambo yalibaki kama yalivyokuwa. Aliyekusanya kodi aliteuliwa kwa jina la mfalme. Aliyeamua kesi aliteuliwa kwa jina la mfalme. Hata mchungaji wa parokia alikuwa afisa wa dola, mwenye kusimamia shule na fungu la maskini. Mwananchi alikuwa na Katiba kule mjini, na kijijini alikuwa na maafisa. Msomaji anayeikumbuka ile safu ya chifu, mkuu wa tarafa, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata kukutana kulikuwa na masharti. Amri ya mwaka 1741 ilikataza walei kufanya mikutano ya dini bila mchungaji kujua na kuridhia. Hans Nielsen Hauge, mwana wa mkulima, hakuikubali amri hiyo. Alitembea nchi nzima akihubiri majumbani, akiandika vitabu, na kuwahimiza wakulima wajitegemee kwa kazi na biashara. Alikamatwa mwaka 1804, na kesi yake ikaburutwa muda wa miaka kumi, hadi mwaka 1814, huku afya yake ikiharibika gerezani. Amri ile haikufutwa mpaka mwaka 1842. Sisi tulioishi chini ya sheria ya leseni za mikutano, hadi ilipolegezwa mwaka 1997, tunamfahamu mtu wa namna hii bila kuonyeshwa picha yake.

Lakini mbegu ilikuwa imepandwa. Watu waliokwisha kuzoea kukutana, kuongoza kikao, kuweka akiba ya pamoja na kuandika barua hawakuona kwa nini waendelee kunyamaza katika mambo ya utawala. Mwaka 1830 mkulima mmoja, John Neergaard, alitoa kijitabu akiwahimiza wakulima wenzake waache kuwapigia kura maafisa, wachague watu wao wenyewe. Kijitabu kikasambaa vijijini. Katika Bunge la mwaka 1833 wakulima wakawa wengi kuliko maafisa. Miongoni mwao alikuwamo Ole Gabriel Ueland, mwalimu wa kijijini kutoka kusini-magharibi, sehemu ile ile ya nchi ambako Utsira iko. Kazi yao kubwa ilikamilika tarehe 14 Januari 1837, siku ilipopatikana sheria ya mabaraza ya wenyeji. Tangu siku hiyo, kila wilaya ndogo ilikuwa na baraza la kuchaguliwa, lenye kauli juu ya fedha za mahali pale.

Na wilaya hizo zilichorwaje? Mipaka yake ilifuata mipaka ya parokia. Hawakuchora ramani mpya ili kumpa fulani kiti au kumnyima fulani kura. Walichukua jumuiya ambayo watu walikuwa wamekwisha kuizoea, walimobatizana na kuzikana, wakasema: hawa wanajuana, basi na watawaliwe na wanaowajua.

Tusiipambe sheria hiyo kupita kiasi. Mwanzoni iliwapa kura wanaume wenye mali au vyeo; vibarua wasio na ardhi hawakuwamo, wala wanawake. Wanaume wote walipata kura mwaka 1898. Mwaka 1901 baadhi ya wanawake, wale wenye kipato cha kutosha au walioolewa na wenye kipato, waliruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa mabaraza. Wanawake wote waliruhusiwa mwaka 1910, na miaka mitatu baadaye, 1913, wakaipata kura ya Bunge. Angalieni mpangilio huo: mlango ulifunguliwa kwanza katika baraza la mtaa, kisha ndipo ukafunguliwa Bungeni. Baraza dogo lilikuwa shule ya taifa zima.

MKUNGA ALIYESHIKA KITI

Utsira ilipata halmashauri yake mwaka 1924, ilipotengwa na Torvastad iliyo ng'ambo ya bahari. Mwaka uliofuata, 1925, wenye kisiwa wakaenda kupiga kura. Matokeo yalikuwa ya kushangaza: wanawake 11 wakachaguliwa, na mwanamume mmoja. Baraza hilo likamweka Aasa Helgesen, mkunga wa kisiwa, kuwa kiongozi wake. Alishika kiti tangu mwaka 1926 hadi 1928, akawa mwanamke wa kwanza katika historia ya Norwe kuongoza halmashauri.

Hakuwa mke wa waziri wala binti wa tajiri. Alikuwa mkunga. Katika kisiwa cha wavuvi, mkunga huijua kila nyumba. Anajua ni wapi mtoto amezaliwa na hakuna kuni, na ni wapi baba amepotea baharini. Mtu wa namna hiyo akikaa mezani kugawa fungu la maskini, hasomi majina tu katika karatasi.

Cheo alichokishika huitwa katika lugha yao ordfører, yaani mchukua neno. Kiongozi wa baraza si mwenye neno. Ni mwenye kulichukua neno la wengine na kulifikisha. Laiti kila diwani na kila gavana angeandikiwa maana hiyo juu ya mlango wa ofisi yake.

Wala tusidanganyike kwamba ushindi mmoja ulikomesha safari. Muhula wa Aasa Helgesen ulipokwisha mwaka 1928, uongozi wa halmashauri ulirudi mikononi mwa wanaume, na nchi ile ilihitaji miongo mingi zaidi kabla mwanamke kwenye kiti hicho kuacha kuwa habari ya magazeti. Haki iliyopatikana mara moja isipotumiwa tena na tena huota kutu.

SIKU MAMLAKA YALIPOPORWA

Ndugu wasomaji, dawa hutambulikana kwa adui wa ugonjwa, na uhuru hutambulikana kwa yule anayeuogopa. Ujerumani ya Hitler ilipoivamia Norwe mwaka 1940, watawala wapya hawakutosheka na kushika mji mkuu. Kwa amri ya Desemba 1940, mabaraza ya kuchaguliwa yaliondolewa mamlaka yake katika nchi nzima. Kuanzia mwaka 1941 kiongozi wa kila halmashauri aliteuliwa kutoka juu, naye akapewa uwezo wa kuamua peke yake. Watu wa Quisling, kibaraka wa wavamizi, ndio waliopendelewa. Utaratibu huo uliitwa kanuni ya kiongozi: mmoja aseme, wengine watii.

Kwa nini dikteta ajisumbue na vijiji na visiwa vya wavuvi? Kwa sababu alijua jambo ambalo wapenda demokrasia husahau. Palipo na watu waliozoea kuamua mambo yao, hata yawe madogo kama gati na shule, pana watu wasiotawalika kwa amri. Na kweli hawakutawalika. Mwezi Februari 1942 maaskofu wa Kanisa la Norwe waliacha vyeo vyao vya serikali, na siku ya Pasaka mwaka huo wachungaji walio wengi wakafanya vivyo hivyo, wakaendelea kuwahudumia waumini bila mshahara wa dola. Walimu nao walikataa kuingizwa katika chama cha watawala, na mamia yao wakapelekwa kazi za sulubu kaskazini ya mbali. Vita vilipokwisha mwaka 1945, uchaguzi wa mabaraza ulifanywa mwaka ule ule.

WANAVYOZUIANA WASIUMIZANE

Mtu atauliza: je, katika kisiwa cha watu 200 hakuna upendeleo? Hakuna mjomba na mpwa, deni na wivu? Wapo, kama walivyo kwetu. Ndiyo maana sheria yao haikuwategemea malaika. Tutaje mambo manne.

Kwanza, vikao vya baraza viko wazi. Mwananchi huingia akaketi na kusikiliza, na karatasi za kikao huweza kusomwa na yeyote. Mlango hufungwa tu kwa sababu zilizotajwa katika sheria, kama vile siri za mgonjwa.

Pili, aliyeshindwa hafukuzwi mezani. Kamati kuu ya halmashauri hugawanywa kwa kadiri ya nguvu za makundi barazani, hata walio wachache wapate sauti yao pale bajeti inapopikwa. Tena wajumbe watatu tu wa baraza waweza kutaka uamuzi wa wengi uchunguzwe na mwakilishi wa serikali, kama unaonekana kukiuka sheria.

Tatu, kila halmashauri lazima iwe na kamati ya udhibiti, na mwenyekiti wake haruhusiwi kutoka chama au kundi moja na kiongozi wa baraza. Mwenye kushika mfuko na mwenye kuuhesabu hawali sahani moja.

Nne, na hili ndilo lililotugusa zaidi, mwananchi asiye diwani naye anaweza kulilazimisha baraza liamue. Pendekezo likiungwa mkono na asilimia 2 ya wakazi, baraza linapaswa kulitolea uamuzi ndani ya miezi sita. Asilimia 2 ya watu 200 ni watu wanne. Wanawake wanne wakikutana jikoni wakaona kwamba njia ya kwenda shule ni ya hatari, wakaandika na kutia sahihi, baraza haliwezi kuiweka barua yao chini ya mafaili na kuisahau.

Kuna na jambo la tano, ambalo si haki bali ni mzigo. Kwa kawaida, aliyechaguliwa Norwe kuingia barazani hawezi kukataa kwa kuwa hapendi. Sheria humtaka atumikie, isipokuwa ana udhuru unaokubalika. Tena mahali ambapo orodha za wagombea ni pungufu ya mbili, wapiga kura huandika majina ya watu wanaowataka, na kila mwenye sifa ni mgombea. Jirani aweza kulala mvuvi na kuamka diwani. Kwao kutawala ni zamu, kama zamu ya kufagia kanisa.

FEDHA NA HESHIMA

Msomaji makini atasema: maneno mazuri, lakini watu 200 watalipaje daktari na mwalimu? Hawalipi peke yao. Kodi ya mapato ya kila Mnorwe hugawanywa baina ya halmashauri yake, mkoa na dola. Halmashauri tajiri huchangia kuinua zilizo maskini, na serikali kuu huongeza ruzuku, ikihesabu umbali, umri wa wakazi na udogo wa mahali. Sehemu kubwa ya ruzuku hiyo, tangu utaratibu wa mwaka 1986, huja kama fungu moja. Baraza lenyewe huamua, ndani ya wajibu wake wa kisheria, ni kiasi gani kiende shuleni na kiasi gani kwa wazee. Fungu hilo hukokotolewa kwa kanuni zinazojulikana. Haliletwi kwa gunia mbele ya umati na mwanasiasa anayetaka kupigiwa makofi.

Pwani hiyo hupata pia sehemu ya bahari yake. Mfuko ulioanzishwa mwaka 2016 hugawia halmashauri za pwani mapato yanayotokana na vibali vya kufuga samoni katika maji yao. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: wanaouona ufugaji huo kutoka dirishani, wanaobeba usumbufu wake na hatari yake, wasiachwe kuhesabu meli zikipita.

Hapa hatuna budi kujitazama. Sheria ya mwaka 1969 iliziondolea halmashauri zetu za wilaya elimu ya msingi, afya na barabara, kuanzia Januari 1970, zikabaki majina na madeni. Mwaka 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa, na jiji likaongozwa na tume ya kuteuliwa hadi mwaka 1992. Hatukuwa watu wasioweza kujitawala. Tulinyang'anywa zana, kisha tukachekwa kwa kulima kwa kucha.

MAKOSA YAO

Tungekuwa wanafiki kama tungewaonyesha wenzetu kuwa watakatifu. Mwaka 2007 ilifichuka kwamba halmashauri nane za Norwe, miongoni mwao Narvik ya kaskazini na Bremanger ya pwani ya magharibi, zilikuwa zimeingia katika biashara ya dhamana za Marekani zisizoeleweka vizuri, kupitia kampuni ya Terra Securities. Baadhi ziliweka rehani mapato ya miaka ijayo ya umeme wa maji. Soko lilipoanguka, fedha za umma ziliyeyuka. Kampuni ile ilinyang'anywa leseni na kufilisika, lakini hasara ilibaki kwa wananchi. Madiwani walioaminiwa walikuwa wametia sahihi wasichokielewa.

Ila tazameni jambo moja. Tangu mwaka 2001 iko orodha ya wazi ya halmashauri zilizopoteza mizani ya fedha zao. Iliyomo humo haikopi bila idhini ya serikali, na bajeti yake huchunguzwa. Lakini baraza halivunjwi, wala hapelekwi mteule kukaa kwenye kiti cha aliyechaguliwa. Wananchi hufundishwa hesabu, hawapokonywi kura.

Liko na kosa jingine, la dola yenyewe. Katika mageuzi yaliyoanza mwaka 2014, serikali ilitaka halmashauri ndogo ziungane, ili ziwe chache na zenye nguvu. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi, kwani kupata mhandisi au mwanasheria wa kukaa kisiwani ni kazi ngumu. Nyingi ziliungana kwa hiari. Lakini mwaka 2017 Bunge liliamua kwamba Haram, halmashauri ya pwani ya magharibi, iunganishwe na mji wa Ålesund ingawa haikutaka. Muungano ulianza tarehe 1 Januari 2020. Watu wa Haram hawakuchoma ofisi ya mtu. Walikutana, wakapiga hesabu, wakashawishi mabaraza na vyama, na tarehe 1 Januari 2024 Haram ikarudi kuwa halmashauri kamili. Ndiyo maana idadi leo ni 357, wala si 356. Na Utsira, ndogo kuliko zote, haikuungana na yeyote.

WALICHOKISAHAU WALIPOKUJA KWETU

Norwe si nchi ya hadithi tu kwetu. Mwezi Oktoba 1990 serikali ya Kenya ilivunja uhusiano wake na nchi hiyo kwa sababu ya Koigi wa Wamwere, mbunge wa zamani aliyekuwa amepewa hifadhi kule, kisha akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini hapa nyumbani. Ubalozi wa Norwe haukunyamaza juu ya kesi yake, na kwa kutonyamaza huko ukafungwa. Koigi aliachiliwa mwaka 1993, na uhusiano ukarudishwa mwaka 1994. Wakati ambapo mataifa makubwa yalikuwa bado yanapima maneno, nchi ile ya watu wachache ilikubali kufukuzwa kwa ajili ya mfungwa mmoja. Hatujasahau.

Lakini urafiki wa kweli husema yote. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970 na 1980, Wanorwe walikuwa wameleta maarifa yao ya uvuvi kando ya Ziwa Turkana. Kiwanda cha kugandisha samaki kikajengwa Kalokol. Jua la mahali pale lilifanya kazi ya kugandisha kuwa ya gharama mno, maji ya ghuba ya Ferguson yakakauka katika miaka ya 1980, na watu waliotazamiwa kuwa wavuvi walikuwa na mioyo yao kwa mifugo. Kiwanda kikafanya kazi muda mfupi tu, kisha kikasimama kama ghala.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Nchi ambayo haiwezi kuhamisha gati la Utsira bila baraza la Utsira ilihamisha kiwanda kizima hadi Turkana, kwa mapatano ya wakubwa wa Nairobi na wakubwa wa Oslo. Kalokol haikuwa na baraza lenye mamlaka la kukaa na wageni hao na kuwauliza: je, umeme utatoka wapi, na ziwa likirudi nyuma itakuwaje? Nia njema ilikuwapo, fedha zilikuwapo, na ujuzi wa samaki ulikuwapo. Aliyekosekana ni mwenyeji. Na asiyekuwepo na lake halipo.

WAJIBU WETU

Tangu mwaka 2013, kwa nguvu ya Katiba ya mwaka 2010, tunazo serikali 47 za kaunti. Zana tulizonyang'anywa mwaka 1970 zimerudishwa, walau kwa sehemu. Katiba inaagiza mwananchi ashirikishwe, na inazitengea kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hatuwezi tena kusema kwamba sheria imetufunga mikono. Lakini wangapi kati yetu wamewahi kuketi katika kikao cha bunge la kaunti? Wangapi wameusoma mpango wa bajeti wa wadi yao kabla haujapitishwa? Tulilala nje ya magereza kwa ajili ya kura, kisha siku ya kikao cha maji tukasema tuna shughuli.

Hatusemi Kenya iwe Utsira. Wao ni 200, tena wana nchi tajiri nyuma yao. Sisi ni mamilioni, na kata zetu zina njaa ambazo kisiwa kile hakizijui. Hatutaki kuiga mnara wao wa taa. Tunachotaka ni kujifunza nia yao: kwamba jambo dogo la watu wadogo lina haki ya kuamuliwa na watu hao, kwa sheria, kwa fedha, na kwa mlango ulio wazi.

Basi tunaomba jambo ambalo kila kikundi cha haki na kila jumuiya ya kanisa inaweza kulifanya bila mfadhili. Chagueni watu wanne. Si mia, wala kamati yenye makao makuu. Wanne waende kwenye kikao kijacho cha bajeti cha wadi yenu, wakae mpaka mwisho, waandike yaliyosemwa na aliyeyasema, kisha warudi kuwasomea wenzao. Mwezi unaofuata waende wengine wanne. Atakayewauliza wametumwa na nani, wamjibu kwamba hawakutumwa. Wao ndio wenyewe.

Mkunga wa Utsira alishika kiti kwa sababu wapiga kura wa kisiwa kidogo waliamua siku moja kwamba hawatakosekana tena. Na sisi tuwepo, ili na letu liwepo.

Mhariri